Sahani Chini ya Kawa

Siku hizo santuri ilikuwa sanduku lenye mkono wa kuzungusha, na kile cheusi cha duara kinachopigwa juu yake tukikiita sahani. Sahani ya santuri, kwa ukamilifu wake, lakini nani alikuwa na pumzi ya kusema yote hayo kila mara. Tukisema sahani, basi. Neno hilo moja, la kulia wali na la kusikilizia muziki, ndilo lililotuwezesha sisi wanawake watatu wa Mkunazini kupeana jazi mwaka mzima mbele ya macho ya Bi Jokha. Na ndilo hilohilo nusura limpeleke shoga yangu Kulthum akaishi na kunguru Chukwani.

Mie naitwa Sichana. Jina hilo nilipewa nikiwa sina jino hata moja, na sasa nimerudi kuwa hivyo, kwa hiyo bado linanifaa. Wakati huo, mwaka wa hamsini na sita hivi, nilikuwa mke kijana wa fundi cherehani. Mume wangu alikuwa na santuri yake ya kupigia taarabu jioni. Mchana, akiwa dukani anapima watu viuno, santuri ilikuwa yangu, na mie taarabu nilikuwa nshaisikia tangu tumboni mwa mama. Nilitaka kitu kisichonijua.

Kitu hicho kilikuja na Miraji, kaka yake Mwanakhamis, nyumba ya pili kutoka kwangu. Miraji alikuwa mtumishi wa melini, akiwapakulia abiria mezani, na kila meli ikitia nanga Durban au Bombei yeye akenda kwenye maduka ya santuri. Akirudi, ukifungua sanduku lake unakuta sahani zimelala baina ya fulana. Jazi. Mwanakhamis alinipigia moja siku ya kwanza, nikamwambia hawa watu hawajakubaliana. Akanambia, "Ipige tena." Nikaipiga tena. Kweli, walikuwa wamekubaliana, ila kila mmoja alikuwa na lake la kuongeza.

Wa tatu alikuwa Kulthum, mke wa Ghanim, mpole wa sauti, mwenye masikio yaliyotushinda sote. Ghanim alikuwa mtu wa karafuu, msimu ukifika yuko Pemba, na ili mkewe asichoke kumngoja alimletea kutoka Mombasa santuri ndogo ya kubeba mkononi, mfano wa mkoba wa safari. Aliipandisha juu imefunikwa kwa shuka, kwa sababu mama yake, Bi Jokha, alikuwa ameshasema zamani kwamba nyumba yake haitaingia sanduku linaloimba. Kwake yeye santuri ilikuwa kitu cha mahoteli, kama moshi wa sigara. Basi Kulthum akiipiga chumba cha nyuma cha juu, mlango umefungwa, kanga imeshindiliwa sandukuni kupunguza sauti. Na Mkunazini nyumba zimebanana hivi kwamba muziki ukitoka dirishani huwezi kujua dirisha la nani. Bi Jokha akisikia chochote akiwalaumu jirani.

Sasa, kwetu jirani akikuletea chakula, sahani yake humrudishii tupu. Unatia chochote ulichonacho, japo ndizi. Sisi tuliichukua desturi hiyo nzima nzima tukaitia kwenye jazi. Ukiazimwa sahani, siku ya kuirudisha unaisindikiza na yako nyengine. Na sharti lilikuwa humpi mwenzio sahani bila kumwambia ina nini ndani. Kusema nzuri tu hakukukubaliwa. Nzuri ni neno la mtu aliyesinzia.

Majina yaliyoandikwa juu ya sahani hizo yalitushinda. Mie ndiye niliyesoma kuliko wenzangu, darasa la nne, na Kizungu changu kilitosha kusoma jina la sabuni. Basi tukizibatiza wenyewe. Kulikuwa na Mkohozi, tarumbeta iliyozibwa mdomo, ikikohoa kama mzee anayetaka watu wajue kwamba yupo. Kulikuwa na Mawifi, saksafoni mbili, moja nene na moja nyembamba, zikigombana tangu mwanzo na hakuna inayongoja mwenzake amalize. Na kulikuwa na Mfagiaji. Hiyo mpiga ngoma wake hapigi, anafagia, kwa kitu kama ufagio wa chelewa, zile njiti za mnazi, taratibu, mfano wa mtu anayefagia ua alfajiri na hataki kuamsha watu. Halafu kinanda kinakuja kinashuka ngazi bila viatu. Hiyo ndiyo Kulthum aliipenda kuliko zote. Alituambia, "Ukiimaliza unabaki umekaa. Kitu cha kusema huna."

Kazi ilikuwa kumpita Bi Jokha. Yeye siku nzima alikaa kwenye kitanda chake ukumbini chini, karibu na mlango, tasbihi mkononi, na hakuna aliyepanda ngazi asiyepita mbele ya magoti yake. Sisi tukiiweka sahani ya santuri juu ya sahani ya udongo, juu yake kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa kwa ukili, kama mtu aliyechukua mkate.

"Hodi."

"Karibu. Nani huyo?"

"Sichana, Bi Jokha. Shikamoo."

"Marahaba. Umechukua nini?"

"Sahani ya Kulthum, nairudisha."

"Haya, pita."

Unaona. Uongo haukuwemo hata punje.

Mambo yangebaki hivyo kama tungekuwa na ndimi fupi. Lakini jazi ukishaisikiliza lazima uiseme, na Bi Jokha mara nyengine akituita tukae naye tunywe kahawa. Hapo tukijifanya werevu. Tukizungumza wazi wazi, yeye yuko katikati yetu.

"Ile ya Jumatatu umeionaje?" Kulthum ataniuliza.

"Imekolea mno mwanzoni. Mpaka ufike katikati ulimi umekufa."

"Wewe unapenda vilivyopoa," Mwanakhamis atadakia.

"Kilichopoa ndiyo unapata viungo vyake kimoja kimoja."

"Basi subiri alichonipa Miraji safari hii. Mawifi si kitu. Hii wako watano na wote wana njaa."

"Mie bado Mfagiaji," atasema Kulthum, kimya kimya, akikitazama kikombe chake. "Jana nimeirudia mara tatu. Yule mtu anafagia humo ndani, na ukiimaliza unabaki umekaa, kitu cha kusema huna."

Bi Jokha akivuta tasbihi yake. Tukidhani hasikii, au akisikia anaona ni maneno ya vijana wanaopenda kula. La pili lilikuwa kweli, na lilikuwa baya zaidi.

Siku moja nilikuwa napita na Mawifi chini ya kawa, salamu nshatoa, mguu wangu uko kwenye ngazi ya kwanza.

"Sichana. Rudi."

"Naam, Bi Jokha."

"Funua nionje."

Nakwambia nilihisi ile sahani imekuwa nzito kama jiwe la kusagia. "Ina pilipili, Bi Jokha," nikasema. "Na daktari amekukataza."

"Daktari amenikataza chumvi."

"Na chumvi imo."

Alinitazama. Akanipungia mkono nipande, na mie, kwa akili zangu zote, nikapanda nikicheka. Nilipomsimulia Kulthum hakucheka. Alisema, "Sichana, umemnyima mama chakula mlangoni kwake."

"Si chakula."

"Yeye anajuaje?"

Kesho yake tuliitwa sote watatu. Bi Jokha alikuwa amekaa wima, tasbihi iko pembeni, mtandio ameuvaa kama anayepokea wageni wa mbali. Alizungumza kwa sauti ya chini, na laiti angefoka.

"Nimeingia nyumba hii bibi harusi," alisema. "Kila sahani iliyovuka mlango huu ilianza kwa mama mkwe wangu. Akionja, akitia neno lake, ndipo inapanda juu. Nikasema na mie siku yangu itafika. Siku yangu imefika, sahani zinapita mbele ya magoti yangu zimefunikwa. Zinapanda, zinashuka. Mnakaa hapa mnakunywa kahawa yangu, mnaniambia ile tamu, ile kali, ile nimeirudia mara tatu. Na hakuna aliyesema, Bi Jokha, onja. Mtu angenitukana ningemjibu. Hili nitalijibu vipi?"

Kulthum alianza kulia bila sauti. Bi Jokha hakumtazama.

"Nimempelekea Ghanim salamu Pemba. Jumamosi anakuja na meli. Nitamwambia akuchukue ukakae kwenye nyumba yetu ya Chukwani. Huko kuna minazi na kunguru, hakuna jirani wa kukuletea. Mke mwenye siri ya tumbo simtaki juu ya kichwa changu."

Basi angalia tulivyokuwa tumebanwa. Kulthum akinyamaza, anatoka mjini kwa jina la mlafi, aliyekula peke yake akamnyima mama mkwe, na mwanamke wa Unguja akishapata jina hilo halimtoki hata akifa kwa njaa. Akisema kweli, basi ameingiza sanduku lililokatazwa, na amemgombanisha Ghanim na mama yake. Na vyovyote iwavyo, jazi imekwisha. Chukwani siku hizo ilikuwa mbali, na mimi miguu yangu haijapata kunipeleka mahali kwa hiari.

Nikatia mdomo. Ndiyo kazi yake, mdomo wangu. "Bi Jokha, tusamehe. Tuliona haya tu, vyakula vyenyewe vya kubahatisha. Turuhusu tukupikie."

Alifikiri. "Ijumaa," akasema, "wanaume wakirudi msikitini. Nataka zile zile. Mkohozi, Mawifi, na hiyo Mfagiaji. Msiniletee biriani mkaniambia ndiyo."

Alikuwa ameshika majina yote.

Alhamisi asubuhi tulikutana jikoni kwa Mwanakhamis, santuri ya Miraji tumeiweka juu ya kinu, tunapika kwa masikio. Mkohozi haikutusumbua, tulikaanga pilipili kichaa na kitunguu thomu ndani ya mchuzi wa papa, mpaka paka wa Mwanakhamis akahama. Mawifi tulibishana. Mwanakhamis alitaka achari ya ndimu na achari ya embe katika bakuli moja. Mie nikasema hao ni ndugu, mawifi lazima watoke nyumba mbalimbali. Tukaishia na pweza wa nazi, tukamtilia ukwaju mwingi, na kwa kweli nazi na ukwaju walikosana vizuri.

Mfagiaji ilitushinda. Tuliipiga, tukaonja, tukaipiga. Mwanakhamis akasema ni uji wa mchele. Nikamwambia uji hauna ngazi. Mie nikasema mkate wa kumimina, una vitundu vitundu, pumzi inapita. Kulthum alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini.

"Unasemaje, mwenye nayo?" Mwanakhamis alimuuliza.

"Hailiki," alisema Kulthum.

"Jumamosi italiwa na kunguru wa Chukwani. Sema."

Tukapika tambi za sukari, na hiliki, na zabibu chache zilizotawanyika, kila mmoja akijua kwamba siyo.

Ijumaa Bi Jokha alikula mbele yetu. Alianza na Mkohozi. Alitia tonge, akatulia, kisha akakohoa mpaka tasbihi ikaanguka. Alipofuta machozi alisema, "Hii kweli. Nendeni mbele." Mawifi aliila polepole, akikunja uso upande mmoja kisha upande wa pili. "Wanagombana," alisema, "lakini wanasitahiana. Wangu mie hawakusitahi." Hata hivyo aliimaliza, na Mwanakhamis alinikanyaga mguu kwa furaha.

Kisha akaivuta sahani ya tambi. Alikula kijiko, akala cha pili. Alikula mpaka chini, akaweka kijiko.

"Siyo," alisema.

"Ni hiyo hiyo, Bi Jokha," nikasema.

"Wewe nyamaza, wewe ndiye wa chumvi na pilipili." Akamgeukia mkwewe. "Kulthum. Ulisema mtu akiimaliza anabaki amekaa, kitu cha kusema hana. Mie nshamaliza, na nna mengi ya kusema. Ulisema mna mtu ndani anafagia. Nimetafuta. Zabibu nimeziona. Mfagiaji yuko wapi?"

Nilimbinya Kulthum paja, kwa maana ya nyamaza. Sijui yeye alilipokea kwa maana gani, kwani alinyanyuka akapanda juu. Tulisikia mlango, tukasikia ngazi. Akashuka na santuri mkono wa kulia na sahani imefunikwa kawa mkono wa kushoto. Akaiweka santuri juu ya mkeka mbele ya kitanda cha mama mkwe wake, akaitoa ile kanga ndani, akauzungusha mkono wake, akafunua kawa.

Aliipachika sahani juu yake, akateremsha sindano. Halafu ufagio ukaanza.

Bi Jokha hakusogea. Kinanda kilishuka ngazi zake. Tarumbeta iliingia mara moja tu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wamelala, akaurudisha polepole. Mie sikuwa nikisikiliza, nilikuwa namtazama Bi Jokha usoni, na uso wenyewe haukunipa kitu. Sahani ikafika mwisho, ikabaki inakwaruza, kwaru, kwaru, hakuna aliyethubutu kunyanyua sindano.

Bi Jokha alibaki amekaa.

Hatimaye alisema, "Hii ndiyo mliyokuwa mkipita nayo hapa."

"Ndiyo, mama," alisema Kulthum.

"Chini ya kawa."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe hamkuwa mnakula."

"Hatukuwa tunakula."

"Hata tonge."

"Hata tonge, mama."

Pale niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na bado hajaamini. "Na mie mwezi mzima usingizi sina," alisema. "Nalala nafikiri, hata ukoko hawakunibakishia." Kisha akakumbuka, uso ukarudi. "Na sanduku hili? Mie nilisema nini?"

"Ulisema halitoingia sanduku linaloimba," alijibu Kulthum, kichwa chini.

Sikuweza kuvumilia. "Hili haliimbi, Bi Jokha. Umesikia sauti ya mtu humo? Linafagia tu."

Mwanakhamis alijifunika mtandio usoni. Bi Jokha alinitazama kwa muda, namna anavyotazamwa mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, kisha akalitazama lile sanduku, akanyoosha kidole akaugusa ukingo wa sahani. Alisema, "Kuanzia leo, sahani ikivuka mlango huu, inaanza kwangu. Nikishaonja ndipo inapanda. Na ile ya wale watano wenye njaa nayo nataka niijue."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikimbia nyumbani nikaleta Mawifi halisi, Mwanakhamis akaleta Mkohozi na ile ya watano, na Ijumaa ile mpaka alasiri tulikuwa ukumbini, milango imefungwa kwa heshima ya jirani. Bi Jokha hakukiri hata siku moja kwamba anapenda muziki. Yeye akionja. Mkohozi aliisifu kwamba ni mtu mzima na anajua lini anyamaze. Mawifi alisema ile nyembamba ndiyo yenye haki. Ile ya watano aliikataa papo hapo, akasema chakula cha harusi, kila mtu anapakua na hakuna anayekula. Mwanakhamis alinuna, kwani ndiyo aliyokuwa akiringia. Lakini alipokwenda kuisikiliza tena nyumbani kwake alirudi akasema, "Bibi ana haki. Wawili kati yao wanapoteza wakati."

Mie ndipo nilipojua kwamba tumepata wa nne, na kwamba wa nne huyo atatutesa.

Jumamosi meli ilifika. Ghanim alikuja mbio kutoka bandarini, jasho limemlowanisha kanzu mgongoni, kwa sababu salamu alizozipata Pemba zilikuwa za kutisha, njoo haraka habari ya mkeo. Mie nilikuwa nimekaa na Kulthum ubavuni mwa kitanda cha Bi Jokha. Sanduku lilikuwa pale pale juu ya mkeka. Ghanim aliliona, akasimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, na rangi yote ya uso wake ikarudi Pemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, baba. Pole na safari."

"Mama, uliniita."

"Nilikuita," alisema Bi Jokha.

Kulthum aliacha kupumua. Nilisikia. Neno la Chukwani lilikuwa bado halijafutwa, na aliyetuma salamu hakuwa amezirudisha. Bi Jokha alijiweka sawa mto wake, akachukua wakati.

"Unarudi lini Pemba?"

"Wiki ijayo, mama, ila kama pana jambo."

"Jambo lipo. Kabla hujarudi nenda Darajani, uniletee sindano."

"Sindano za kushonea?"

"Mie nishone nini kwa macho haya? Sindano za santuri. Iliyomo imekwisha, inamkwaruza mfagiaji wa watu. Mkeo atakwenda nawe mpaka dukani akuoneshe, wewe utauziwa za kijinga." Akamgeukia Kulthum. "Vaa buibui lako, mama. Na mkirudi mpite nyumbani kwa Mwanakhamis, mkamuulize kaka yake anarudi lini na meli."